Kabla ya Kukodi Gari, Jua Tembo Alipo

Wengi wanaopanga safari ya kwenda kuona tembo huanza na gari: ni la nani, bei gani kwa siku, linachukua watu wangapi. Kwa anayeondokea Kabuta, ufukweni mwa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia, huko ni kuanzia mwisho. Gari hupatikana kwa mwenye fedha, lakini tembo hafuati fedha ya mtu. Anakaa pale palipo na maji, malisho na amani. Ukishajua mambo hayo matatu yanakutana wapi na katika mwezi gani, ndipo uchague hifadhi, idadi ya siku na mwongozaji.

Tembo wa Mweru walikwenda wapi?

Nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika ilikuwa na tembo wengi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, akamshinda na kuondoka na shehena kubwa ya pembe. Vita hivyo amevisimulia mwenyewe katika tawasifu yake ya Kiswahili. Novemba ya mwaka huohuo David Livingstone alifika Mweru na kwa mtawala Mwata Kazembe, akakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kutangulia. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Msiri, aliyetokea Usumbwa katika Tanzania ya leo, alijenga ufalme wake wa Bunkeya kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa. Pembe za nchi hizi zilisafiri mabegani mwa watu, wengine wao wakiwa utumwani, mpaka baharini.

Hata hivyo tembo hawakuisha. Mweru Wantipa, kaskazini mashariki mwa Mweru, iliendelea kujulikana kwa makundi ya tembo na vifaru weusi hadi katikati ya karne ya 20, na mwaka 1972 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na Nsumbu, Lusenga Plain na nyingine nyingi za Zambia. Pigo kubwa lilikuja na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Kifaru mweusi alitoweka nchini kote, akatangazwa kuwa ameisha mwaka 1998, mpaka aliporudishwa katika hifadhi ya Luangwa Kaskazini kuanzia mwaka 2003. Tembo walinusurika, lakini katika ukanda huu wamebaki wachache, tena waoga.

Uoga huo una msingi. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walieleza mwaka 2014 kwamba tembo walisikilizishwa sauti za watu zilizorekodiwa, nao wakajihami zaidi waliposikia wanaume wa Kimaasai, wanaogombana nao kwa mikuki, kuliko waliposikia Wakamba, au wanawake na watoto. Mnyama anayetofautisha hata sauti ya anayemdhuru hasahau risasi. Mahali palipowindwa sana, ukimwona tembo mchana huwa anakimbia, na maji huenda kunywa usiku. Kwa hiyo ramani inayoonyesha hifadhi jirani haitoshi kukuhakikishia kwamba utaona kitu.

Karibu au mbali?

Anayetoka Kabuta ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni Nsumbu, kwenye mwambao wa Tanganyika, hifadhi ya kilomita za mraba zipatazo 2,000. Tangu mwaka 2017 Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya Zambia imekuwa ikishirikiana huko na Frankfurt Zoological Society kuijenga upya: doria zimeimarishwa na wanyama wanaongezeka. Tembo wapo, na kiangazi huweza kuteremka hadi ufukweni, lakini ni wachache. Kati ya Nsumbu na Mweru Wantipa kuna eneo la wanyamapori la Tondwa, na tembo hawajui mpaka uliochorwa kwenye karatasi. Njia nyingi za huko ni za udongo, kwa hiyo uliza hali ya barabara wiki ileile unayoondoka. Anayetokea Mpulungu anaweza kufika Nsumbu kwa boti.

Lusenga Plain, upande wa Kawambwa, ni karibu zaidi na ina maporomoko mazuri ya Mto Kalungwishi, lakini usiende huko kwa matumaini ya kuona tembo.

Njia ya pili ni Luangwa Kusini, hifadhi ya kilomita za mraba 9,050, ambayo lango lake kuu liko Mfuwe. Kutoka Mweru ni mbali sana: kwa barabara kuu unashuka Mansa na Serenje, unaelekea Lusaka, kisha unakata mashariki hadi Chipata na Mfuwe. Ipo pia njia ya mkato inayoteremka milima ya Muchinga kutoka upande wa Mpika, lakini ni ya kiangazi tu, kwa gari imara na dereva anayeijua. Katika hesabu ya angani ya mwaka 2015 Zambia ilikuwa na tembo zaidi ya 21,000, na sehemu kubwa yao walikuwa katika bonde la Luangwa.

Ushauri wangu ni huu. Kama hujawahi kumwona tembo na una nafasi ya safari moja tu, vumilia umbali, nenda Luangwa. Kama umeshawaona, au una muda wa kurudi tena, nenda Nsumbu. Huko kiingilio chako na malipo ya mwongozaji wa hapo vina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu wageni ni wachache na kazi ya kuwarudisha wanyama bado ni changa.

Fuata maji

Mvua za huku huanza Novemba na kwisha Aprili. Wakati huo vidimbwi hujaa kila mahali, majani hurefuka, na tembo hutawanyika kwa sababu anapata maji popote. Barabara za udongo mweusi hunasa magari, na kambi nyingi hufungwa. Kuanzia Juni vidimbwi hukauka kimoja baada ya kingine. Tembo mkubwa anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, kwa hiyo kadiri maji yanavyopungua ndivyo makundi yanavyosogea mtoni. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto kali na vumbi, na ndiyo miezi bora ya kuona tembo. Asiyestahimili joto achague Julai au Agosti.

Luangwa ina sababu nyingine ya kuvuta tembo kiangazi, nayo ni mkababu. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa ukame, na maganda ya mbegu zake huanguka wakati malisho mengine yameisha. Mwongozaji mzuri atakupeleka chini ya mikababu kabla ya kukuzungusha porini.

Ukiwa huko, tazama pembe zenyewe. Watafiti walikuta kwamba majike wasio na pembe katika Luangwa Kusini waliongezeka kutoka takriban asilimia 10 mwaka 1969 hadi asilimia 38 mwaka 1989. Majangili waliua wenye pembe, wasio nazo wakabaki na kuzaa. Jike asiye na pembe utakayemwona leo ni ushahidi hai wa mauaji yale.

Mwongozaji ni nusu ya safari

Zambia ina utaratibu wa kuwatahini waongozaji kabla ya kuwapa leseni. Omba kuiona, na uulize ni ya hifadhi gani. Kisha uliza: tembo wameonekana wapi wiki iliyopita? Gari litabeba watu wangapi, na kila mmoja ataona bila kuzibwa? Bei inajumuisha mafuta, kiingilio cha kila siku na ada ya gari? Kuna matairi ya akiba mangapi, na mawasiliano yatakuwaje pasipo na mtandao wa simu? Anayejibu bila kusitasita ndiye wa kumlipa. Anayekuahidi tembo kwa asilimia mia moja, mwache.

Panga kulala hifadhini usiku tatu kwa uchache, kwa sababu siku moja ikiharibika utabaki na nyingine. Watu wanne hadi sita wakichangia gari, gharama hupungua kwa kiasi kikubwa. Toka saa 12 asubuhi, rudi jua linapokuwa kali, kisha toka tena saa 10 jioni. Vaa kaki au kijani kilichofifia. Nguo za buluu na nyeusi huvuta ndorobo. Beba dawa za kinga ya malaria na chandarua.

Magari ya Luangwa kwa kawaida yako wazi pembeni, kwa hiyo adabu ni sehemu ya usalama. Usisimame ghafla, usishushe mguu, usipige kelele. Gari lisikae kati ya mama na mtoto, wala lisizibe njia ya maji. Tembo anayeinua kichwa, kutandaza masikio na kurusha vumbi anakuonya, mpe nafasi. Anayekunja mkonga, kulaza masikio nyuma na kuja kimya huenda amekusudia. Dume anayetokwa na majimaji mengi pembeni mwa macho na kudondosha mkojo yuko katika kipindi cha ukali, na mwongozaji anayejua kazi yake hamkaribii. Ukiona dereva anasogeza gari mpaka tembo afoke ili wageni wapate picha, mwambie arudi nyuma. Mnyama anayesumbuliwa leo atakuwa hatari kwa mkulima anayepita kwa miguu kesho.

Mkulima huyo asisahauliwe katika mpango wako. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliweka tembo wa savana katika kundi la walio hatarini kutoweka mwaka 2021. Lakini anayelala naye jirani ni mwenye shamba la mahindi, ambaye usiku mmoja unaweza kummalizia chakula cha mwaka. Nunua chakula chake, ajiri kijana wake, lala kwenye kambi inayoeleza wazi inavyochangia kijiji. Mwenyeji akiona faida ya tembo aliye hai, jangili hukosa wa kumficha, na anayetoka Kabuta miaka ijayo hatalazimika kuzunguka hadi Chipata kumtafuta mnyama aliyekuwa jirani yake.