Mtoto mwenye ulemavu shuleni: mzigo huu ni wa nani?



Mwanzoni mwa mwaka mmoja wa masomo, mama mmoja wa parokia yetu alikuja kutuona baada ya ibada, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka minane. Mtoto huyo hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Mama akatuambia: “Pasta, shuleni wamesema hawana mwalimu wa watoto kama huyu, wakanituma kwenye komine. Komine wakanituma kwenye ofisi ya mambo ya jamii. Kule wakaniambia ile shule ni ya kanisa, nirudi kwa kanisa. Basi nimerudi.”

Tuliona haya, maana ile shule iliyomkataa kwanza ni ya kwetu. Imejengwa kwenye kiwanja cha kanisa, na jina la kanisa limeandikwa ukutani. Tangu siku ile tulianza kuuliza: ni nani hasa mwenye wajibu wa kumsomesha mtoto mwenye ulemavu? Tunawaeleza hapa yale tuliyojifunza, kwa sababu mama huyo si peke yake. Karibu kila parokia yetu ina mtoto anayebaki nyumbani wakati ndugu zake wanakwenda shule.

Sheria inasema nini

Tuanze na Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 43 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Hakitengi watoto wanaosikia na wasiosikia, wala wanaotembea na wasiotembea. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata ulinzi maalum kulingana na mahitaji yao. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha Mkataba huo kinahusu elimu. Kisha ikaja sheria ya 3 Mei 2022, inayolinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu katika Kongo.

Lakini kuna kifungu kingine cha Katiba ambacho wengi wetu hatukijui, nacho ni cha 204. Kifungu hicho kinataja kazi ambazo ni za jimbo peke yake. Kati ya kazi hizo kuna shule za watoto wadogo, za msingi, za sekondari, za ufundi, pamoja na masomo maalum, kwa kufuata kanuni zinazowekwa na serikali kuu. Masomo maalum ni yale ya watoto wanaohitaji njia nyingine ya kufundishwa: wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa viungo au wa akili.

Maana yake ni kwamba tunapoambiwa, “Ngojeni Kinshasa,” tunaambiwa nusu tu ya ukweli. Kinshasa inaweka kanuni, na mpaka leo mishahara ya walimu inatoka katika hazina ya taifa. Lakini gavana wa jimbo, waziri wa jimbo mwenye kushughulika na elimu, na wabunge wa jimbo wanaopitisha bajeti, nao wana wajibu uliotajwa katika Katiba. Chini yao kuna mji, komine, sekta na sheferi, ambazo sheria ya mwaka 2008 inazipa sehemu katika kujenga na kutengeneza majengo ya shule.

Na shule ni ya nani?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali ilizichukua shule zote kutoka mikononi mwa makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikatiwa sahihi mapatano kati ya serikali na makanisa, likiwamo Kanisa la Kristo, na shule zikarudi chini ya usimamizi wetu. Ndiyo sababu tunaziita shule za mapatano, “conventionnées”. Serikali inaweka programu ya masomo, inakagua na kulipa walimu. Kanisa linasimamia shule kila siku kwa njia ya kordinasio yake, na linaangalia malezi ya kikristo ya watoto.

Kwa hiyo shule zetu ni shule za umma zinazosimamiwa na kanisa. Ndiyo maana masomo ya bure yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2019 katika shule za msingi za umma yalizigusa zetu pia. Ndiyo maana pia hatuwezi kumkataa mtoto kwa kusema, “Hii ni shule ya kanisa,” na komine haiwezi kumfukuza kwa maneno hayo hayo. Mama yule alizungushwa kwa sababu kila mlango ulijua sehemu ya mwenzake na kusahau sehemu yake.

Kuhusu pesa

Mtu atauliza: hata kama sheria ni nzuri, pesa iko wapi? Swali hilo ni la haki. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo inakatwa pale pale inapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Kwa hesabu rahisi, katika kila franki 100, franki 40 ni za majimbo, na kati ya hizo 40, franki 16 zinapaswa kushuka mpaka karibu na sisi.

Sote tunajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba yanapokea kidogo na kwa kuchelewa. Huku mashariki vita vimefunga ofisi, vimehamisha watu, na mahali pengine darasa limegeuka kuwa makao ya wakimbizi. Hatuandiki haya ili kumdanganya mtu kwamba barua moja italeta shule mpya. Lakini kile ambacho hakikuandikwa katika bajeti hakiwezi kulipwa hata siku pesa itakapofika. Na hakiandikwi kama hakuna aliyekiomba kwa idadi na kwa mahali.

Mefiboshethi na meza ya mfalme

Tukisoma 2 Samweli 4, tunakutana na mtoto wa miaka mitano, Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Habari ya vita ilipofika, mlezi wake alimbeba na kukimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi wa mashariki hatuhitaji kuelezwa tukio hilo. Tunao watoto walioanguka njiani, walioguswa na risasi na mabomu, na waliokosa chanjo kwa sababu kituo cha afya kilikimbiwa.

Miaka ikapita. Katika sura ya 9 Daudi anauliza kama kuna aliyebaki wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema. Angalieni mambo mawili. Kwanza, mfalme ndiye aliyeuliza, akatuma watu wakamtafute alipokuwa. Hakungoja kilema aje kubisha hodi. Pili, Daudi hakumpa kiti mezani tu. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba, wanawe na watumishi wake wayalime. Wema ule ulikuwa na mali nyuma yake, na watu waliopewa kazi inayojulikana. Kumkaribisha mtoto shuleni bila kumwandalia mwalimu, kiti na choo anachoweza kufikia ni kumwita mezani na kumwacha mlangoni.

Historia ya kanisa inatupa mfano mwingine. Andrew Foster, Mmarekani mweusi asiyesikia, alimaliza masomo katika chuo cha Gallaudet mwaka 1954. Mwaka 1957 alikwenda Ghana akaanzisha shule ya watoto wasiosikia, kisha akaendelea katika nchi nyingine nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Baadhi ya shule za viziwi katika nchi yetu zinaitwa Ephphatha, neno ambalo Yesu alimwambia kiziwi katika Marko 7. Kazi hiyo ilianzishwa na mtu mwenye ulemavu, naye hakungoja mpaka mambo yote yawe tayari.

Tufanye nini katika parokia zetu

Kwanza, tuhesabu. Mashemasi na mama wa parokia wanajua kila nyumba. Waandike watoto wote wenye ulemavu wa umri wa kusoma: miaka yao, aina ya ulemavu, na kama wanasoma au hapana. Wafanye hivyo kwa heshima na kwa ruhusa ya wazazi. Wazazi wengine wanawaficha watoto kwa sababu waliambiwa ni laana. Hapo mchungaji ahubiri Yohana 9 wazi wazi: Yesu alikataa kumtafutia yule kipofu kosa la wazazi wake.

Pili, tuanze na yasiyohitaji bajeti. Mtoto asiyeona vizuri akae mbele. Asiyesikia akae mahali anapouona uso wa mwalimu, na mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubao. Darasa la mtoto asiyeweza kupanda ngazi lihamie chini. Vijana wa kanisa wanaweza kutengeneza njia ya mteremko kwa mawe na mifuko michache ya simenti.

Tatu, tupitie milango kwa utaratibu. Direkta na kamati ya wazazi, COPA, waandike barua yenye idadi ile. Nakala moja iende kwa kordinasio yetu, moja kwa sous-division, moja kwa komine au sheferi, na moja kwa mbunge wa jimbo kabla bajeti haijajadiliwa. Kila nakala iliyopokelewa ipigwe muhuri na kutunzwa. Tuombe vitu vinavyopimika: mafunzo kwa walimu wawili, choo kimoja, vitabu vya nukta nundu. Mahali ambapo ofisi zimefungwa kwa sababu ya vita, idadi itunzwe hata hivyo, maana siku itafika.

Nne, tuwatafute watu wenye ulemavu walio kati yetu. Wao ndio walimu wetu wa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule. Katika parokia yetu kuna fundi wa kushona nguo asiyesikia, aliyesoma katika shule ya viziwi. Miaka yote tulimpa vitambaa atushonee, hatukumwuliza kitu kingine. Tulipomwomba, alikubali kuja shuleni Jumatano na Jumamosi kumfundisha mtoto lugha ya alama, pamoja na mwalimu wake na wanafunzi wa darasa lake. Leo binti anaandika jina lake na kufanya hesabu, na wenzake wanaongea naye kwa mikono wakati wa mapumziko.

Barua yetu kwa wakuu bado haijajibiwa. Fundi analipwa kwa sadaka ya parokia, na tunajua sadaka hiyo haitatosha siku watoto watakapokuwa kumi. Kwa hiyo tunaandika barua ya pili, na safari hii tumeambatanisha orodha: watoto 17, katika mitaa minne tu. Ndugu wapendwa, orodha ya parokia yenu ina watoto wangapi?

Bwana awabariki.