Chemchemi ya Mzima na Gharama Isiyoandikwa Katika Ankara

Mombasa, mji wa bandari wa Kenya ambao pia ni lango la bahari kwa Uganda na nchi nyingine za bara, umezungukwa na maji pande zote. Lakini maji hayo ni ya chumvi. Katika kisiwa chenyewe hakuna mto hata mmoja. Sehemu ya maji matamu yanayotumiwa na wakazi wake husafiri kilometa zipatazo 220 kutoka chemchemi ya Mzima, iliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950.

Mwananchi wa Mombasa anapopokea ankara yake hulipia bomba, mafundi na dawa ya kuulia vijidudu. Chemchemi yenyewe haidai chochote, na kwa hiyo imezoeleka kudhaniwa kuwa haina bei. Dhana hiyo ndiyo inayopingwa sasa na wataalamu wa uchumi wa mazingira.

Maji ya Mzima hayaanzii Mzima. Huanzia katika vilima vya Chyulu, umbali wa kilometa 50 hivi, ambavyo kilele chake kinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Vilima hivyo ni vya volkano. Mvua ikinyesha, na ukungu ukinaswa na miti iliyoko juu, maji hayatiririki mabondeni kama kwingineko. Huzama katika majivu na miamba yenye matundu. Ndiyo sababu katika Chyulu hakuna mto wa kudumu. Chini kwa chini maji huchujwa na kwenda polepole mno, na inakadiriwa kwamba huchukua miaka ipatayo 25 kabla ya kububujika Mzima yakiwa maangavu kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Bomba la Mombasa huchukua sehemu ndogo tu. Yanayobaki huingia katika mto Tsavo, ambao hukutana na mto Athi na kufanya mto Galana, unaoitwa Sabaki karibu na pwani. Huko, mahali paitwapo Baricho, maji huvutwa tena kwa ajili ya miji ya pwani. Tofauti ni kwamba mitambo ya Baricho hula umeme mwingi, hali maji ya Mzima hushuka hadi Mombasa kwa uzito wake yenyewe.

Kwa hiyo mlima hufanya kazi tatu: huhifadhi, huchuja, na huyatoa maji mahali palipoinuka. Njia mojawapo ya kuzithamini kazi hizo ni kuuliza ingegharimu kiasi gani kuzifanya kwa mikono ya binadamu: kujenga bwawa la kutosha, kununua mitambo ya kusafisha, au kuondoa chumvi katika maji ya bahari na kulipia umeme wake kila mwezi.

Askari hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1916, doria za Wajerumani zilipenya nyika hiyo hiyo kutoka upande wa Taveta kwenda kuilipua reli ya Uganda, na njia zao ziliamuliwa na mahali penye maji. Kiu iliwatesa kama ilivyowatesa adui zao. Ramani ya vita katika nyika ile ilikuwa kwanza ramani ya visima na mito.

Mwaka 2012 Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira walitoa hesabu ya misitu mitano mikubwa ya milimani: Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Cherangani na Elgon. Ilikadiriwa kwamba ukataji wa misitu uliugharimu uchumi wa nchi shilingi bilioni 5.8 mwaka 2010, hali mazao ya misitu yalileta bilioni 1.3 tu. Chyulu haikuwamo katika ile mitano, ingawa hesabu yake haiwezi kuwa ya namna nyingine.

Penye thamani pana madai. Viongozi wa Taita Taveta, kaunti ambayo chemchemi imo, wamedai kwa muda mrefu wapewe sehemu ya mapato ya maji hayo, maana wako wananchi wao wanaochota maji mbali kwa madumu huku bomba kubwa likipita katika ardhi yao. Dai hilo lina haki ndani yake. Lakini hata likikubaliwa, halitawafikia wafugaji wanaopakana na vilima vya Chyulu, ambako mvua hupokewa. Hao wameanza kupata fedha kwa mpango wa kuuza hati za hewa ya ukaa. Nazo hulipia ukaa uliomo mitini, si maji yaliyo chini yake.

Tanzania nayo imo katika hesabu hii. Chemchemi za Nol Turesh karibu na Loitokitok, ambazo maji yake yalipelekwa kwa bomba hadi Machakos, na zile za Njoro Kubwa huko Taveta, hulishwa na mvua na misitu ya Kilimanjaro. Maji yaliyo chini ya ardhi hayasimami mpakani kukaguliwa.

Mkaa, kwa upande wake, husimama. Gunia lililochomwa katika msitu wa mlimani hupita barabarani, tena penye kizuizi, na bei yake inajulikana na kila mtu aliyepo. Ikiwa yale makadirio ya miaka 25 ni sahihi, mvua inayokosa mti wa kuipokea Chyulu mwaka huu itakosekana Mzima wakati askari kijana aliyesimama kizuizini leo anakaribia kustaafu.