Kamera za kampuni tofauti zaweza kulinda boma moja, ila kwa masharti

WENYE nyumba wengi hununua kamera za usalama kidogo kidogo, kila mara kutoka kwa kampuni yenye bei nafuu. Hatimaye boma moja huwa na kamera za majina matatu, zote zikitegemewa kurekodi katika mtambo mmoja.

Jambo hilo lawezekana. Mnamo 2008, kampuni za Axis, Bosch na Sony ziliasisi ONVIF, shirika lililotunga kanuni za kuwezesha kamera na mitambo ya watengenezaji mbalimbali kuwasiliana. Katika baadhi ya kamera uwezo huo huwa umezimwa kiwandani, na sharti fundi auwashe. Nyingi kati ya zile ndogo za betri hazina uwezo huo kabisa. Hutii programu ya simu ya mtengenezaji wake pekee.

Hata hivyo, picha kuonekana kwenye skrini si ithibati kwamba mambo yako shwari. Kamera yaweza kutoa picha safi, ilhali ishara yake ya kutambua mwendo haifiki kwenye mtambo wa kampuni nyingine. Iwapo mtambo huo umewekwa urekodi tu kitu kinaposogea, mwizi ataruka ua, achukue atakacho na kuondoka bila kunaswa.

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye nyumba atembee usiku mbele ya kila kamera, kisha adai kuonyeshwa rekodi. Ikikosekana, kamera husika iwekwe irekodi mfululizo, ijapokuwa diski itajaa upesi.