Kukusanya Miswada ya Watunzi wa Nyimbo: Somo kwa Shule ya Msingi

Wanafunzi wetu huimba "Mungu Ibariki Afrika" wanapokuwa mstarini, lakini ni wachache walioambiwa kwamba mahadhi ya wimbo huo yalitungwa na mwalimu mwenzetu. Enoch Sontonga alikuwa akifundisha katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, alipoutunga mwaka 1897. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono katika daftari. Alifariki mwaka 1905. Wimbo huo ulienea, na Tanganyika ikauchukua kuwa wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, ilipopata uhuru mwaka 1961. Daftari lenyewe lilipotea, na nyingi ya nyimbo zilizokuwamo zikapotea nalo.

Huko Ulaya hasara ilikuja kwa njia nyingine. Beethoven alijaza madaftari mengi kwa rasimu, akijaribu kifungu kimoja cha muziki mara nyingi kabla ya kuridhika. Alipofariki mwaka 1827, karatasi zake zilipigwa mnada. Baadhi ya waliozipata walichana kurasa, wakazigawa au kuziuza kama kumbukumbu. Wataalamu wametumia miaka mingi kuzipanga upya kurasa hizo.

Tunajifunza nini? Kwamba mswada huhifadhika ukibaki mzima na mahali pake pakijulikana. Mwalimu akusanye nakala. Daftari limbakie mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwanachuo aliyepangiwa mazoezi ya kufundisha Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Akimpata mwalimu wa kwaya mwenye daftari la nyimbo zilizoandikwa kwa nota za sol-fa, tunapendekeza afuate hatua hizi:

1. Aombe ruhusa, aeleze shabaha yake, kisha anakili hapo hapo mbele ya mtunzi, au apige picha kwa simu. Asiazime daftari.

2. Anakili pia yaliyofutwa na kusahihishwa. Humo ndimo kazi ya mtunzi inamoonekana.

3. Aandike jina la mtunzi, kijiji, tarehe, lugha ya wimbo na sababu ya kutungwa kwake. Mtunzi atie sahihi yake chini ya nakala, ili ijulikane ni mali ya nani.

4. Kama mtunzi haandiki, mwalimu aandike anavyoimba, kisha amwimbie tena ili asahihishe.

5. Nakala moja apewe mtunzi. Nyingine itunzwe shuleni ndani ya sanduku la bati, mbali na unyevu na mchwa.

Darasani, mwalimu aandike ubaoni rasimu ya kwanza ya ubeti mmoja, na pembeni yake ubeti uliokamilika. Wanafunzi waimbe yote mawili, waseme kilichobadilika na kwa nini. Kisha kila kikundi kitunge ubeti wake bila kutumia kifutio: kosa likatwe kwa mstari mmoja, libaki likisomeka. Mtoto anayedhani kwamba watunzi huzaliwa wakijua ataona kwamba nao hukosea, hufuta na kurudia.

Hatuwezi kulirudisha daftari la Sontonga. Lakini katika kijiji utakachopangiwa huenda lipo daftari jingine, ambalo mwenyewe anaweza bado kuulizwa. Muulize mapema.