Kioo cha Saluni Kisiwe Zawadi ya Mwenye Nyumba

Zunguka Ibadakuli, pita Kizumbi, ingia mjini kati: biashara usiyoikosa kila mtaa ni saluni. Za kike, za kiume, nyingine zina viti viwili na feni moja basi. Mwanafunzi anayekaribia kumaliza na kuanza kuyafikiria maisha bila boom lazima biashara hii imjie kichwani, kwa sababu vifaa vyake vinajulikana: mashine, kiti, draya, kioo. Mashine ikigoma inapelekwa kwa fundi. Kiti kikichanika kinashonwa. Kioo kikipasuka, hakuna fundi wa kukiunga.

Lakini barabara siyo adui pekee wa kioo. Adui wa pili ni mkataba wa pango. Chumba cha biashara sisi tunakiita fremu, na fremu nyingi hukodishwa kwa miezi sita au mwaka. Biashara ikichangamka, kodi nayo inapanda, na mpangaji anahama. Hapo ndipo anapogundua kwamba kile kioo kikubwa alichokigandisha ukutani kwa gundi hakitoki. Akikibandua kinapasuka, akikiacha anakirithi mpangaji anayefuata. Vyovyote vile, mtaji wake umebaki kwa mwenye nyumba.

Makala hii inaeleza namna ya kuwakwepa maadui wote wawili kwa kifaa kimoja: fremu ya vipande vipande inayobeba kioo njiani, kisha ikakitundika ukutani, na siku ya kuhama ikakishusha salama. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kuitengeneza. Kwanza tuone kioo kinavunjikaje.

Kwa nini kioo hupasuka

Watu husema kioo ni dhaifu. Si kweli kabisa. Ukikikandamiza kinastahimili sana. Shida yake ni kuvutwa. Mwaka 1921 mhandisi wa Kiingereza A. A. Griffith alieleza sababu: juu ya uso wa kioo kuna nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kioo kikivutwa, nguvu yote hujikusanya kwenye ncha ya ufa mmoja. Ufa ukianza kutembea, hausimami. Nyufa mbaya zaidi ziko kwenye kingo, pale kisu cha kukatia kilipopita. Ndiyo maana fundi mzuri wa vioo husaga kingo kwa msasa wa maji kabla ya kukukabidhi. Siyo kwa ajili ya vidole vyako tu, ni kwa ajili ya kioo chenyewe.

Sasa laza kioo chali kwenye kirikuu na uanze safari. Kila gari likiruka shimo, kioo kinapinda kidogo katikati, na upande wa chini unavutwa. Kisimamishe kwa ukingo wake na mambo yanabadilika. Chukua kioo chenye unene wa milimita 5 na upana wa milimita 1,220, kiegemeze kwenye nguzo mbili mwanzoni na mwishoni. Kwa uzito uleule, mkazo kikiwa kimelala ni mara 244 ya mkazo kikiwa kimesimama. Hesabu yake ni 1,220 kugawanya kwa 5. Kwa hiyo yule kondakta anayekuambia "dada, kilaze tu, tutaweka godoro chini" anakutakia mema, lakini anakupoteza. Godoro ni laini, linabonyea, na kioo kinabonyea nalo.

Kitu cha pili ni uzito. Kioo cha kawaida kina kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Kioo cha futi 6 kwa futi 4, unene wa milimita 5, kinafika kama kilo 28. Kilo hizo siyo nyingi kwa watu wawili, lakini hakina pa kushika, kinateleza, na mmoja akijikwaa kwenye kizingiti mwenzake hana la kufanya. Barabara huvunja vioo, sawa, lakini hatari kubwa ipo pia pale kinaposhushwa, kinapoegemezwa "mara moja tu", na kinapoinuliwa ukutani bila kinga yoyote. Kanuni ya kwanza ya fremu yetu inatokana na hapo: kioo kisikae uchi hata dakika moja kati ya dukani na ukutani.

Wakubwa nao hugawa vipande

Kanuni ya pili ni kugawa. Ibadakuli tuna mfano mbele ya macho. Kwenye kituo cha kupoza umeme inaishia ile njia kubwa ya msongo wa kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, urefu wa kama kilomita 670. Minara yake haikuja mizima juu ya lori. Vilikuja vyuma vyembamba vyenye matundu, vikafungwa kwa bolti palepale vinaposimama. Wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita nao wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani: matimba ya kuzuia duara lisiporomoke hushushwa gogo moja moja, yakaungwa chini.

Hata vioo vikubwa kuliko vyote hufuata njia hiyo. Darubini ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, ina kioo chenye upana wa kama mita 11. Ukikiangalia vizuri, ni vioo 91 vya pembe sita, kila kimoja cha upana wa kama mita moja, vimekaa juu ya kiunzi cha chuma. Kipande kimoja kikihitaji kupakwa upya, kinashushwa hicho kimoja na vingine vinabaki. Kama wanasayansi hawaoni aibu kuunga, saluni ya viti vitatu itaona aibu ya nini?

Fremu yenyewe

Badala ya kioo kimoja cha futi 6 kwa futi 4, kata vitatu vya futi 4 kwa futi 2. Kila kimoja kina kama kilo 9.3. Ukiongeza mbao na mgongo wa plaiwudi unapata kama kilo 14, pungufu ya ndoo ya maji ya lita 20. Mtu mmoja anabeba.

Kila kioo kinakaa ndani ya fremu yake ya mbao za mpaini, zilizochimbwa mfereji kwa ndani. Mfereji usikibane kioo. Acha nafasi ya milimita 3 kila upande, ili mbao ikijipinda kwa jua au mvua isikipindishe kioo pamoja nayo. Chini ya kioo weka vipande viwili vya mpira wa tyubu, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni. Kioo kikae juu ya mpira, kisiguse mbao wala msumari. Kabla ya kukiingiza, futa mfereji kwa kitambaa. Shinyanga vumbi halikosekani, na punje moja ya mchanga chini ya ukingo inatosha kuwa ile ncha ambayo Griffith aliisema.

Nyuma, acha uwazi wa milimita chache kati ya kioo na plaiwudi. Kinachokifanya kioo kikuonyeshe sura ni tabaka jembamba la fedha mgongoni, teknolojia iliyotokana na kazi ya mkemia wa Ujerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Tabaka hilo halipendi unyevu, wala silikoni ile inayonuka kama siki, kwa sababu asidi yake huila fedha na kuacha madoa meusi. Fremu hii haihitaji silikoni kabisa.

Mbele, tengeneza mfuniko wa plaiwudi wenye vipande vya zulia kwa ndani, unaofungwa kwa bolti nne. Mfuniko huu unafungwa dukani na kutolewa baada ya kipande kutundikwa. Siyo kabla.

Pembeni mwa kila fremu toboa matundu mawili ya bolti. Tafadhali usitoboe kwa macho. Tengeneza kigezo kimoja, kipande cha bati chenye matundu, na fremu zote zitobolewe kwa kigezo hicho. Kazi nzima inategemea hapa: kipande chochote kiungane na chochote. Mwakani ukiongeza kiti cha nne unaongeza kipande cha nne, hata kama fundi wa kwanza amehamia Katoro.

Ukutani

Usitundike kwa msumari na kamba. Chukua mbao ndefu, ipasue kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu moja inafungwa ukutani, mshazari ukitazama juu na kuelekea ukutani. Nusu ya pili inakatwa vipande na kufungwa mgongoni mwa kila fremu, ikitazama chini. Ukiishusha fremu, mishazari miwili inashikana kama kiganja na kiganja, na uzito wenyewe unazidi kuikaza. Ukitaka kuitoa, unainua kidogo tu.

Ukuta wa bloku uliopigwa plasta unashika skrubu na plagi za plastiki vizuri. Ukuta wa tope haufai kuaminiwa. Hapo simamisha nguzo mbili za mbao kutoka sakafuni, reli uifunge juu ya nguzo, na uzito utaenda chini badala ya kuning'inia. Kabla ya kutundika kioo, ning'inia wewe kwanza. Reli ikikubeba wewe, vioo vitatu vyenye jumla ya kama kilo 42 havitaisumbua.

Njiani

Vipande vikiwa na mifuniko yao, visimamishe kwenye kirikuu au guta, vikiegemea kidogo kwenye ubavu wa gari, na vielekee kule gari linakoelekea. Ukivipanga kwa kukingama, dereva akikamata breki vyote vinasukumwa kifudifudi. Funga kamba juu na chini. Kama mzigo unatoka Mwanza, safari ya kama kilomita 160, simama mara moja njiani ukaze kamba, kwa sababu hulegea.

Je, ina ubaya?

Ipo gharama. Mbao, bolti na kazi ya fundi vinaongeza bei juu ya kioo chenyewe. Pia kutakuwa na mistari kati ya vipande. Kwa ukumbi wa mazoezi au wa kudansi mistari hiyo inakera. Kwa saluni, kila mteja anakaa mbele ya kipande chake, na mstari unaangukia kati ya kiti na kiti.

Upande wa pili wa mzani piga hesabu hii. Kioo kizima kikipasuka umepoteza chote. Kipande kimoja kati ya vitatu kikipasuka umepoteza theluthi, na kesho unafungua kazi na viti viwili vilivyobaki. Kwa mtu aliyeanza na mkopo wa kikundi au akiba ya boom, tofauti hiyo ndiyo kufunga biashara au kuendelea nayo.

Jambo la mwisho halihitaji fundi. Siku ya kusaini mkataba wa pango, andika mstari mmoja: vioo, fremu zake na reli ya ukutani ni mali ya mpangaji, naye ataviondoa akihama na kuziba matundu. Mwenye nyumba mwelewa atakubali, maana matundu manne ya skrubu yanazibwa kwa plasta kiganjani. Asiyekubali amekuonyesha mapema anakupigia hesabu gani, na fremu za kupanga bado zipo nyingi.