Nakala ya Katikati

Kozi ni bure, bando si bure. Mhadhiri anayefuatilia somo la sayansi huria kwenye simu saa saba usiku, kwa kuwa kifurushi cha usiku ndicho anachokimudu, ameshaelewa uchumi wa maarifa kabla video ya kwanza haijafunguka.

Kozi zenyewe zimejaa tele. NASA ya Marekani, iliyoutangaza 2023 kuwa mwaka wa sayansi huria, iliufunga mwaka huo kwa kutoa kozi ya moduli tano. Shirika la INASP la Uingereza nalo, kupitia mradi wake wa AuthorAID, limekuwa likiwafundisha bure watafiti wa nchi zetu kuandika na kuchapisha. Ukimaliza unapewa cheti. Wapo wanaoanzia kwenye cheti.

Sina ugomvi na kozi hizi, ila vipindi vya mwanzo hutumia muda mwingi kutushawishi kwamba uwazi ni jambo jema. Mtu aliyewahi kubofya makala anayoihitaji akaombwa dola 30 na ushei hana haja ya kushawishiwa.

Somo lenye faida ni dogo na halina mvuto. Makala moja huwa na nakala tatu. Ya kwanza ni ile uliyoituma kwa mhariri. Ya pili imeshapita kwa wahakiki, umeisahihisha, imekubaliwa, lakini bado ni faili la Word lisilo na nembo wala kurasa za jarida. Ya tatu ni PDF ya mchapishaji, imenyooka na kung'aa. Hiyo ya tatu ndiyo tunayowatumia marafiki, na mara nyingi ndiyo tuliyosaini mkataba wa kutoigawa. Ya pili, wachapishaji wengi hukuruhusu uiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chako, pengine baada ya miezi 6 au 12, bila kulipa hata senti. Ndiyo tunayoifuta.

Njia hii si ngeni. Tamko la Budapest la Februari 2002, kuhusu machapisho huria, lilipendekeza mambo mawili: waandishi wahifadhi kazi zao wenyewe mahali pa wazi, na yaanzishwe majarida yasiyomtoza msomaji. Wafanyabiashara waliona fedha katika hilo la pili. Novemba 2020, jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja iliyo wazi. Msomaji kafunguliwa mlango, bili kaletewa mwandishi.

Matapeli nao hawakulala. Barua pepe inaanza na "Mheshimiwa Profesa" kwa kijana ambaye bado anahangaika na tasnifu ya uzamili. Jarida linapokea tiba, kilimo na uhandisi kwa pamoja, uhakiki ni siku tatu, na ada imepunguzwa wiki hii tu. Kozi nzuri itakuelekeza ulitafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, kisha ulinganishe namba yake ya ISSN na anwani ya tovuti na zilizoandikwa humo, maana hata majina ya majarida halali huibwa. Ni kazi ya dakika tano.

Mhadhiri wetu amelifikia somo la nakala tatu. Anafungua kompyuta kuitafuta ya katikati. Anakuta "final", "final mpya" na "final kabisa", zote za tarehe moja.