Sharti, Pendekezo na Ruhusa: Lugha ya Viwango vya Mwendelezo wa Biashara katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Makala haya yanafafanua viwango na sheria zinazohusu usimamizi wa mwendelezo wa biashara, yakirejelea mazingira ya Kisii na Nyamira. Huenda msomaji akajiuliza mada hii yamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba kiwango na sheria huishi ndani ya maneno. Neno likilegea, wajibu nao hulegea.

Dhana ya mwendelezo

Mwendelezo wa biashara ni uwezo wa taasisi wa kuendelea kutoa bidhaa au huduma, kwa kiasi na katika muda uliokubaliwa awali, wakati shughuli zake zimevurugwa. Dhana hii hutofautiana na uokoaji. Uokoaji humtoa mtu katika jengo linaloungua. Mwendelezo huuliza kesho yake wateja watahudumiwa wapi, na nani, na kwa kumbukumbu zipi.

Mfano mwafaka ni viwanda vya majani chai: Kebirigo na Nyansiongo katika Nyamira, au Nyamache na Kiamokama katika Kisii. Mkulima huchuma, hupimiwa kituoni, kisha majani hupelekwa kiwandani siku iyo hiyo. Majani mabichi hayasubiri. Yakirundikwa hupata joto, hubadilika rangi na kupoteza thamani. Daraja likisombwa na mafuriko au umeme ukizimika, swali la msingi ni hili: kiwanda chaweza kusimama kwa saa ngapi kabla hasara haijawa kubwa mno? Kulijibu mapema ndiko kuchanganua athari, na juu ya jibu hilo hujengwa mipango mingine yote.

Viwango na sheria

Uingereza ilitoa kiwango cha BS 25999 kwa sehemu mbili, mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha ISO 22301, kikafanyiwa marekebisho mwaka 2019. Kiwango hiki huitaka taasisi ichanganue athari, ichague mikakati, iandike mipango, iifanyie mazoezi na kuirekebisha. Hata hivyo, kiwango si sheria. Taasisi hukifuata kwa hiari mpaka sheria, mkataba au msimamizi wa sekta akifanye cha lazima.

Kenya haina sheria moja inayoibana kila biashara katika jambo hili, wajibu umetawanyika. Miongozo ya Benki Kuu ya mwaka 2013 ina sehemu mahususi kuhusu mwendelezo wa shughuli za benki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi aandae utaratibu wa kuondoa watu wakati wa dharura na kuujaribu mara kwa mara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hudai kwamba uvujaji wa taarifa wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo benki iliyo mjini Kisii inabanwa na miongozo ya sekta yake, ilhali mchuuzi wa ndizi katika soko la Daraja Mbili hana mwongozo wowote, ingawa simu anayopokelea malipo ikikosa mtandao biashara yake husimama vilevile.

Suala la lugha

Lugha ya viwango hutenga ngazi nne: sharti, pendekezo, ruhusa na uwezekano. Kiingereza kimetengea kila ngazi kitenzi chake. Mfasiri wa Kiswahili asipokuwa mwangalifu, ngazi hizo huchanganyika. Tuchukue sentensi hii: "Kiwanda kitajaribu mpango wake kila mwaka." Kiambishi -ta- huonyesha wakati ujao, msomaji aweza kukiona kama ahadi au utabiri, si amri. Kitenzi "jaribu" nacho kina maana mbili: kupima jambo, au kutia bidii bila hakika ya kufaulu. Sentensi iliyokusudiwa kumbana meneja yampa mlango wa kutokea. Afadhali iandikwe: "Sharti kiwanda kiufanyie mpango wake mazoezi kila mwaka." Vivyo hivyo, "anaweza" hubeba ruhusa na uwezekano kwa pamoja, penye ruhusa, "anaruhusiwa" huondoa utata. Pendekezo nalo litengewe "yafaa".

Tofauti hizi si za darasani tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipozimika karibu nchi nzima, jenereta ya mojawapo ya majengo ya abiria katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka. Kuwa na jenereta ni jambo moja, kuwa na hakika kwamba itawaka ni jambo jingine. Na hakika hiyo huletwa na zoezi lililofanywa kwa sharti.

Hitimisho

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mipango ya dharura aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wa kwanza kukabiliana na dharura ni bawabu, dereva wa lori la majani na karani wa kituo, ambao huzungumza Ekegusii na Kiswahili. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuunda istilahi thabiti za uwanja huu na kuwafikishia watu hao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa mwingine umo ndani ya sentensi.